Ngara ya 1994 yasomwa Washington, majalada ya nyumbani je?

Na Mwandishi Wetu

ALHAMISI ya Aprili 28, 1994 mambo mawili yalitokea katika pembe mbili za dunia zilizo mbalimbali. Katika daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, umati wa watu ulianza kumiminika kuingia wilayani Ngara. Ndani ya saa 24 hivi, kwa takwimu zilizotolewa wakati huo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), takriban watu 250,000 walikuwa wamekwisha kuvuka. Shirika hilo lilisema halijapata kuona wimbi kubwa na la haraka kiasi hicho.

Siku hiyohiyo mjini Washington, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Christine Shelley, aliulizwa na waandishi wa habari kama yaliyokuwa yakitokea Rwanda yalikuwa mauaji ya kimbari. Hakukubali, wala hakukanusha. Alieleza kuwa neno hilo lina maana mahususi katika sheria na kwamba kuna mambo mengine ya kuzingatia kabla ya kulitamka.

Zaidi ya miaka 30 imepita. Mtu akitaka leo kujua ni nini kilichokuwa nyuma ya jibu la msemaji yule, anaweza kukisoma. Madokezo, simu za maandishi za kibalozi na kumbukumbu za vikao vya maofisa wa Marekani vimeondolewa muhuri wa siri kwa sehemu kubwa. Lakini mtu huyohuyo akitaka kujua usiku ule mkuu wa wilaya ya Ngara aliandika nini kwenda Bukoba, mkoani, na mkoa uliandika nini kwenda Dar es Salaam, njia yake si nyepesi.

Hapo ndipo penye suala linalostahili kutazamwa sasa, kwa sababu karatasi za Tanzania za miaka ile zinafikia umri ambao sheria inaruhusu zifunguliwe. Zisipotafutwa na kutunzwa, historia ya Ngara na Biharamulo itaendelea kuandikwa kwa kalamu ya wageni waliopita kwa saa chache.

Kilichoifikisha Rwanda Rusumo

Itakumbukwa kuwa Aprili 6, 1994 ndege iliyombeba Rais Juvenal Habyarimana wa Rwanda, pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Viongozi hao walikuwa wakitoka Dar es Salaam, kwenye mkutano ulioitishwa na Rais Ali Hassan Mwinyi kuzungumzia utekelezaji wa mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha Agosti 4, 1993. Mauaji ya Watutsi na ya Wahutu waliopinga siasa za chuki yalianza usiku uleule.

Aprili 21, wakati mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi chake nchini Rwanda kibaki na askari wapatao 270. Wiki moja baadaye, wapiganaji wa RPF waliposogea mashariki kuelekea mto Kagera, maelfu kwa maelfu ya Wahutu walifungasha na kuukimbilia mpaka. Miongoni mwao walikuwamo watu wasio na hatia. Walikuwamo pia waliokuwa wametoka kuua, wakiongozwa na mameya na viongozi wao wa vijiji.

Walipigishwa kambi Benaco, mahali palipoitwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara kutoka Italia iliyokuwa na makazi yake hapo. Baadaye zikaongezeka kambi za Lumasi, Musuhura na Kitali, na ile ya Lukole kwa Warundi. Katika kipindi kifupi wakimbizi waliokuwa Ngara wakawa wengi kuliko Wahangaza na Washubi ambao ndio wenyeji wa wilaya hiyo.

Yaliyomo katika makabati ya Washington

Agosti 2001, taasisi ya utafiti ya National Security Archive, yenye makao yake katika Chuo Kikuu cha George Washington, ilitangaza hadharani mkusanyo wa nyaraka ambazo ilizipata kwa kutumia sheria ya Marekani ya uhuru wa habari. Nyaraka hizo zilibomoa hoja iliyokuwa imezoeleka kwamba wakubwa wa Washington hawakujua.

Miongoni mwake limo dokezo la Aprili 11, siku tano tu baada ya ndege kutunguliwa. Liliandaliwa katika Wizara ya Ulinzi kwa ajili ya ofisa mwandamizi, Frank Wisner, aliyekuwa akienda kula chakula cha jioni na Henry Kissinger. Dokezo hilo lilionya kuwa, kama pande mbili hazitarudi kwenye mazungumzo, umwagaji damu ungeweza kugharimu maisha ya mamia ya maelfu ya watu. Lilionya pia kuwa mauaji yangeweza kuvuka kuingia Burundi na kwamba wakimbizi wangefurika katika nchi za jirani. Kwa maneno mengine, zaidi ya wiki mbili kabla ya daraja la Rusumo kuelemewa, kuna mtu katika Pentagon aliyekwisha kuandika kuwa jambo hilo laweza kutokea.

Karatasi nyingine, ya Mei 1, ni ya majadiliano ya maofisa kuhusu hatua ambazo Marekani ingeweza kuchukua. Palipotajwa pendekezo la kuchunguza ukiukwaji wa mkataba wa mauaji ya kimbari, mwandishi wake alitahadharisha kuwa wanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje walikuwa na hofu. Hofu yenyewe ilikuwa kwamba kukiri kuwa hayo ni mauaji ya kimbari kungeweza kuilazimisha serikali kufanya kitu. Ikiwekwa kando ya maneno ya msemaji ya Aprili 28, karatasi hiyo inaeleza kilichokuwa kimeufunga ulimi wake.

Mei 5 Wisner huyohuyo aliandika kuhusu redio ya RTLM, iliyokuwa ikichochea mauaji kutoka Kigali. Lilikuwapo pendekezo la kuyavuruga matangazo yake kwa kutumia ndege maalumu. Jibu lilikuwa kwamba njia hiyo haina uhakika, ina utata wa kisheria, na gharama yake ni dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka. Akashauri kuwa ingekuwa busara zaidi kuzitumia ndege kusaidia kazi ya kupeleka chakula cha msaada.

Shauri hilo linastahili kusomwa mara mbili na kila mtu wa Ngara. Maana yake ni kwamba, kati ya kuizima sauti iliyokuwa ikiwasukuma watu kuua na kuwalisha watu baada ya kukimbia, mkubwa yule aliona la pili ndilo jepesi. Na ardhi ambayo wengi wa waliokimbia walikuwa wamekwisha kuifikia wakati ule ilikuwa Ngara.

Mwishoni mwa Mei, Waziri wa Mambo ya Nje, Warren Christopher, alishauriwa kwa maandishi kuwaruhusu maofisa wake waseme kuwa vilikuwa vimetokea “vitendo vya mauaji ya kimbari”. Tofauti ya maneno hayo na “mauaji ya kimbari” ilionekana kuwa nyembamba kiasi kwamba Juni 10 mwandishi wa shirika la habari la Reuters, Alan Elsner, alimuuliza Shelley ni vitendo vingapi vya mauaji ya kimbari vinavyotosha kufanya mauaji ya kimbari. Msemaji alijibu kuwa hilo si swali aliloweza kulijibu.

Kamera zilifuata barabara

Nafasi ya vyombo vya habari katika mkasa huu ina pande mbili. Aprili 27, 1994, siku moja kabla ya Rusumo, Afrika Kusini ilikuwa katika uchaguzi wake wa kwanza wa watu wa rangi zote. Waandishi wengi wa mashirika makubwa waliokuwa wakifanya kazi barani Afrika walikuwa huko wakimsubiri Nelson Mandela. Ndani ya Rwanda walikuwamo wachache, na hatari ilikuwa kubwa.

Benaco ikawa habari ambayo kamera ziliweza kuifikia. Kulikuwa na uwanja mdogo wa ndege, kulikuwa na barabara, na kulikuwa na umati usio na mfano. Picha zilizoondoka Ngara wiki zile zilikuwa za kweli: watu walikuwa na njaa, walikosa maji, walilala chini ya maturubai. Kasoro yake ni kwamba picha ya mkimbizi mwenye njaa haisemi kama mkimbizi huyo alikimbia kuuawa au alikimbia baada ya kuua. Watazamaji waliokuwa mbali waliuona msiba wa chakula na magonjwa, ambao dawa yake ni magunia ya mahindi. Mauaji yenyewe, ambayo dawa yake ilikuwa askari na uamuzi wa kisiasa, yalibaki upande wa pili wa daraja.

Wapo waandishi waliolivuka pazia hilo. Fergal Keane wa BBC aliyashuhudia mabaki ya mauaji ya kanisani Nyarubuye, upande wa Rwanda. Kisha akamfuata hadi Benaco Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, akamhoji akiwa miongoni mwa wakimbizi. Gacumbitsi alikamatwa mwaka 2001 katika kambi mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda (ICTR) iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004, na adhabu yake ya miaka 30 ikapandishwa na mahakama ya rufaa kuwa kifungo cha maisha mwaka 2006.

Mwingine ni Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa meya wa Murambi. Juni 1994 palipofanywa jaribio la kumwondoa Benaco, maelfu ya wakimbizi walizusha ghasia na wafanyakazi wa misaada wakalazimika kuondoka kambini kwa muda. Naye alitiwa hatiani Arusha mwaka 2011. Watu hawa wawili ni ushahidi kwamba askari wachache wa Tanzania waliokuwa Ngara hawakulinda kambi ya kawaida. Walikuwa wakilinda mji mzima wenye utawala wake, hofu zake na silaha zilizofichwa.

Zipo pia karatasi ambazo zilichelewa kuonekana kwa sababu nyingine. Agosti na Septemba 1994 mtaalamu wa Kimarekani, Robert Gersony, akifanya kazi kwa niaba ya UNHCR, aliwahoji wakimbizi wa Rwanda ndani ya nchi yao na katika kambi za nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Matokeo yake, yaliyowatuhumu askari wa RPF kwa mauaji ya raia, hayakuchapishwa. Somo lake ni kwamba kabati linaweza kufungwa Geneva na New York pia, si Dar es Salaam peke yake.

Kufikia Julai 1994 kipindupindu kililipuka Goma, mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire, na kamera zikahamia huko. Ngara ikabaki na wakimbizi wake, wala haikubaki na waandishi wengi.

Safari za wakubwa

Kamera zinapokwenda, wanasiasa hufuata. Kwa hiyo ratiba za safari za viongozi wa Marekani ni nyaraka zinazosema mengi.

Mwanzoni mwa Mei 1994 serikali ya Marekani ilimtuma Naibu Waziri aliyeshughulikia haki za binadamu, John Shattuck, pamoja na David Rawson, balozi aliyekuwa ameondoka Kigali mauaji yalipoanza. Walizunguka katika nchi za jirani kutafuta njia ya kusimamisha vita. Baada ya Goma kuwa habari kubwa, ujumbe ulipanda cheo. Mwishoni mwa Julai alikwenda Waziri wa Ulinzi, William Perry. Agosti akafika Tipper Gore, mke wa Makamu wa Rais. Majeshi ya Marekani nayo yalifika kwa kazi ya misaada.

Rais Bill Clinton mwenyewe alifika Kigali Machi 25, 1998. Alikaa uwanja wa ndege kwa saa zipatazo tatu na nusu, akawasikiliza manusura, akahutubia, akaondoka. Katika hotuba hiyo alikiri kuwa nchi yake haikuchukua hatua mapema baada ya mauaji kuanza, na haikuyaita kwa jina lake. Alikiri jambo la tatu pia, ambalo halikutiliwa mkazo sana na wengi: kwamba kambi za wakimbizi hazikupaswa kuachwa ziwe maficho ya wauaji.

Kukiri huko kuliihusu Ngara moja kwa moja, lakini Ngara haikutajwa. Siku hiyohiyo Clinton alikutana Entebbe na marais wa eneo hili, Benjamin Mkapa akiwamo. Aliporudi Afrika Mashariki Agosti 2000, alifika Arusha kwenye utiaji saini wa mkataba wa amani ya Burundi uliosimamiwa na Mandela. Marais wenzake waliomfuata, George W. Bush mwaka 2008 na Barack Obama mwaka 2013, walifikia Dar es Salaam, na Bush akapita Arusha pia.

Haki itendeke: wapo wanasiasa wa Marekani ambao karatasi zao zinawapa heshima. Mei 13, 1994 maseneta Paul Simon na James Jeffords, baada ya kuzungumza kwa simu na Jenerali Romeo Dallaire aliyekuwa Kigali, waliiandikia Ikulu yao wakitaka askari wa Umoja wa Mataifa waongezwe haraka. Jibu la maana lilichelewa kwa wiki kadhaa. Karatasi za Simon zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Southern Illinois.

Yupo pia Mickey Leland, mbunge wa Texas, aliyekufa Agosti 7, 1989 pamoja na watu 15 wengine ndege yao ilipoanguka Ethiopia. Walikuwa safarini kuelekea kambi ya wakimbizi ya Fugnido. Si kila safari ya mwanasiasa ni matembezi.

Na zipo safari ambazo ni matembezi. Miaka ya 1960 magazeti ya Marekani yalimwandama mbunge wa Harlem, Adam Clayton Powell, kwa namna alivyotumia fedha za umma kusafiri. Tuhuma hizo zilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wenzake wamnyime kiti mwaka 1967, kabla ya Mahakama ya Juu kuamua mwaka 1969 kuwa walikosea kikatiba. Wananchi waliweza kubishana kuhusu jambo hilo kwa sababu hesabu za safari zilikuwa kwenye karatasi. Hadi leo matumizi ya safari rasmi za nje za wabunge wa nchi hiyo huchapishwa katika kumbukumbu za Bunge lao, yakionyesha jina, nchi na fedha.

Tanzania nayo imewahi kulitazama suala hilo kwa ukali. Novemba 2015 Rais John Magufuli, ambaye aliingia bungeni mwaka 1995 akiwakilisha jimbo la Biharamulo Mashariki, alipiga marufuku safari za nje za watumishi wa umma zisizo na kibali. Marufuku ilipunguza safari. Lakini kupunguza safari ni jambo moja, na kuzifanya karatasi za safari zisomeke na mlipa kodi ni jambo jingine.

Upande usioandikwa

Ukizisoma nyaraka za Washington, Tanzania inajitokeza kama mahali: mpaka, uwanja wa ndege, kambi, njia ya malori. Wenyeji hawamo. Hayumo mkulima wa Ngara aliyeamka akakuta migomba yake imekatwa. Hayumo ofisa mtendaji wa kijiji aliyegawa eneo la malisho kabla ya kupata idhini ya mtu yeyote. Hakimo kisima kilichokauka kwa kuchotwa na watu mara mia ya wale kiliowachimbiwa.

Biharamulo nayo imo kwa mbali zaidi. Malori ya chakula yalipita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo. Mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo yalivamiwa kwa kuni na nyama ya porini. Baadaye ujambazi wa kutumia bunduki uliifanya barabara hiyo ijulikane kwa mabasi kusindikizwa na polisi. Mapori hayo, pamoja na Kimisi, yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Mtaalamu anayetaka kupima msitu ulivyorudi atahitaji hesabu za mwaka 1993 na 1996, nazo hazitatoka Little Rock, Arkansas, iliko maktaba ya Rais Clinton. Zitatoka katika masijala za ofisi za misitu, wanyamapori na halmashauri, kama bado zipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo pia kwa hasara bila daftari. Tanzania imekuwa ikisema kwa miongo kadhaa katika mikutano ya kimataifa kuwa ilibeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Ni kweli. Lakini anayedai ukweli huo mbele ya wafadhili huulizwa takwimu, na takwimu nyingi zinazotajwa ni zile zilizokusanywa na mashirika ya nje kwa ajili ya mahitaji ya mashirika hayo.

Liko pia suala zito zaidi. Mapema Desemba 1996, Serikali ya Tanzania pamoja na UNHCR walitoa tamko kwamba wakimbizi wote wa Rwanda walitarajiwa kuwa wamerudi kwao ifikapo Desemba 31. Katikati ya mwezi huo maelfu walizihama kambi na kuelekea ndani ya nchi, na askari wakawageuza kuwaelekeza Rusumo. Zaidi ya watu 400,000 walivuka kurudi ndani ya wiki chache. Mashirika ya haki za binadamu yalilaani yakisema walilazimishwa. Wakazi wengi wa Ngara walipumua.

Nani aliamua, kwa hoja zipi, na ni shinikizo gani lilitoka Kigali, Geneva au Washington? Wakosoaji wameandika upande wao. Upande wa serikali umebaki katika tamko fupi na katika kumbukumbu za wazee waliokuwa ofisini, ambao umri haumsubiri yeyote kati yao. Kama uamuzi ule ulikuwa wa haki, majalada ndiyo yatakayoutetea. Kama ulikuwa na makosa, majalada ndiyo yatakayofundisha namna ya kutoyarudia, katika nchi ambayo baadaye imeendelea kuwapokea na kuwarudisha Warundi kupitia kambi za Kigoma.

Sheria inasemaje

Tofauti kati ya makabati ya nchi hizi mbili haitokani na wema wa viongozi. Inatokana na sheria pamoja na watu wanaoitumia. Chini ya sheria ya mwaka 1978, karatasi za Rais wa Marekani ni mali ya umma na si zake. Za Clinton zilianza kuombwa mwaka 2006, miaka mitano baada ya kuondoka madarakani, na vizuizi vya ziada vikaisha mwaka 2013. Nyaraka za siri kwa ujumla huachiwa zikifikisha miaka 25, isipokuwa zile zenye sababu maalumu. Na maombi hayana uraia: mwalimu wa sekondari wa Rulenge ana haki ya kuandika barua kuomba karatasi sawa na profesa wa Harvard.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ambayo msingi wake ni kwamba nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Ina pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia nafasi ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma. Kwa hesabu ya kawaida, karatasi za Aprili 1994 zilitimiza miaka 30 mwaka 2024. Za operesheni ya Desemba 1996 zinatimiza umri huo mwaka 2026.

Hata hivyo, sheria haiwezi kufungua jalada ambalo halikufikishwa kwenye hifadhi. Karatasi ya ofisi ya wilaya ina maadui wengi: mchwa, paa linalovuja, kuhama kwa ofisi, na karani anayetaka nafasi ya kuweka mafaili mapya. Wilaya zimegawanywa na mipaka imebadilika. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo, kisha ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Kila mgawanyo wa namna hiyo ni nafasi ya masanduku kupotea njiani.

Habari njema ni kwamba si kila kitu kiko ng'ambo. Kumbukumbu za ICTR, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, katika majengo ya taasisi iliyorithi kazi zake yaliyofunguliwa mwaka 2016. Humo yamo mashauri ya akina Gacumbitsi na Gatete. Ngara kwenyewe iko Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, ikitangaza amani katika lugha za wakimbizi na wenyeji, kinyume kabisa cha RTLM. Parokia za jimbo la Rulenge-Ngara nazo zina madaftari yao. Hizi ni hazina, kila moja mahali pake.

Kinachotakiwa si muujiza. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zinaweza kuorodhesha majalada ya 1993 hadi 1996 yaliyomo katika masijala zao na kuyakabidhi kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla hayajaliwa. Vyuo vikuu vinaweza kuwatuma wanafunzi kurekodi sauti za watendaji wa vijiji, manesi, madereva na askari wa wakati ule. Wabunge wa maeneo hayo wanaweza kuuliza bungeni karatasi za miaka ile ziko wapi na zitafunguliwa lini. Magazeti nayo yana wajibu wa kuzitumia sheria zilizopo, badala ya kulalamika kuwa hazitoshi bila kuwahi kupeleka ombi hata moja.

Asiyekuwapo na lake halipo. Katika vikao vya Washington vya Aprili na Mei 1994 mtu wa Ngara hakuwapo, na hakuna awezaye kulibadilisha hilo. Lakini katika hifadhi ya nyaraka nafasi yake bado iko wazi. Siku mtafiti atakapoiweka mezani karatasi ya Mei 1, yenye hofu ya kulazimika kufanya kitu, kando yake ingefaa liwepo daftari la kijiji cha mpakani lililoandikwa kwa mkono wiki hiyohiyo, likionyesha majina ya waliogawa maji yao bila kusubiri kushauriwa na mwanasheria.